Ruberwa na Samaki Asiowala

Tuseme ukweli mapema, tusije tukalaumiana mbele ya safari: Ruberwa hakuwahi kumpenda samaki. Alizaliwa juu kabisa kwenye milima ya Kivu ya Kusini, kwa watu wa ng'ombe, na bibi yake aliyemlea alimweka samaki fungu moja na nyoka. Siku aliyokula ndagala wawili watatu kwa wenzake wa bondeni, bibi alimnusa mdomo, akamkataza kugusa kibuyu cha maziwa siku nne nzima. Akakua, akaoa, akaota mvi, na hakurudia tena.

Sasa mtu huyohuyo, kiangazi cha mwaka 2016, alikuwa anaamka saa kumi alfajiri, anawasha Corolla yake yenye mlango mmoja wa rangi nyingine, anaendesha dakika hamsini kutoka mtaa wa Riverside mpaka kwenye vilima vya kusini mwa mji wa Buffalo, Marekani, kwenda kuhakikisha kwamba samaki wameamka salama. Kama Mungu hana utani, basi nieleze wewe hiyo inaitwaje.

Mambo yalianzia kwa ng'ombe. Yangeanzia wapi kwingine? Vita vilimnyang'anya ng'ombe sitini na wawili kwa asubuhi moja. Akapita kambini Burundi, akafika Buffalo na mkewe Nyirakamana, akapata kazi ghalani ya kufunga maboksi kwa utepe wa gundi, saa kumi kwa siku, mbele ya ukuta wa kijivu. Hakulalamika. Ila Nyirakamana alimwona Jumapili anavyokaa jikoni akiitazama katoni ya maziwa ya dukani kama mtu anayetazama picha ya marehemu, na alimhurumia sana.

Ndipo Bisimwa akaja na habari. Bisimwa alikuwa jirani yao na mfungaji maboksi mwenzake, mtu wa Kalehe, kandokando ya Ziwa Kivu, anayependa samaki kuliko siasa. Kiingereza chake ndicho kilichokuwa kinywa cha mtaa mzima, kuanzia hospitali mpaka mahakamani.

"Muzee Ruberwa," akasema hata kabla ya kukaa, "kuna mzungu mumoja kule milimani, eko na ng'ombe makumi tatu na moja, na magoti yake imeisha. Anatafuta mutu."

"Ng'ombe?"

"Ng'ombe. Donc, nimuambie wewe ni fundi wa maboksi, ao niseme ukweli?"

Mzungu mwenyewe aliitwa Dombrowski, mjane wa miaka sabini na minne, ambaye watoto wake walihamia Florida na kila wiki walimpigia simu wakimwuliza anangoja nini. Ng'ombe wake walikuwa weusi kwa weupe, wanene, wapole, na hawakuwa na pembe hata moja. Ruberwa alipowaona mara ya kwanza alishika kichwa. Wamewafanya nini hawa, maskini ya Mungu? Tena kila mmoja alikuwa na namba sikioni, na hakuna aliyekuwa na jina. Wiki haikuisha. Namba 214 akawa Bugondo, kwa ajili ya mabaka yake, na namba 187 akawa Gitare, kwa kuwa alikaribia weupe mtupu, na wengine wote wakapewa majina yao, na wote wakaitika. Dombrowski alipomwona Bugondo anamfuata Ruberwa uwanjani bila kamba alicheka mpaka akakohoa. Maboksi yakasahaulika.

Lakini raha ya maskini haina muda mrefu. Mwisho wa mwaka wa kwanza, Dombrowski akasema amechoka, vuli ijayo atawauza wote aende kwa wanawe. Ruberwa hakulala siku tatu. Na hapo, wakati hata dua zimemwishia, akatokea Maureen.

Maureen alikuwa mwalimu mstaafu wa sayansi, mwembamba, aliyevaa mabuti ya mpira yanayofika kifuani. Alikuwa mwenyekiti wa chama cha watu wa kujitolea wanaolinda samaki aitwaye trauti. Si yule anayefugwa kwenye matangi na kumwagwa mitoni kwa lori ili watu wapate cha kuvua, hapana. Huyu ni trauti wa porini, mwenyeji wa vijito vya baridi, ambaye mababu zake waliishi humo kabla mzungu yeyote hajafika. Na kijito kilichopita katikati ya malisho ya Dombrowski, kikitoka kwenye chemchemi juu kidogo ya kilima, kilikuwa miongoni mwa vijito vichache alimobaki.

Maureen akaeleza na Bisimwa akatafsiri. Trauti anataka maji baridi. Yakipita digrii sitini na nane, kwa hesabu ya Wamarekani, anaanza kuhema. Yakizidi hapo anakufa. Anataka changarawe safi za kutagia mayai. Anataka kivuli. Na anayemnyang'anya vyote hivyo ni nani?

"Anasema adui wa samaki ni ng'ombe," Bisimwa akatafsiri, na furaha yake hakuificha. "Anakanyaga ukingo, anakula miti ya kivuli, anajisaidia ndani, matope inafunika mayai. Njo vile anasema, si mimi."

Ruberwa alimtazama yule mama kwa muda mrefu. Maisha yake yote hakuwahi kusikia ng'ombe akitukanwa namna hiyo, tena mbele ya ng'ombe wenyewe.

Hata hivyo aliyetukana alikuwa amekuja na neno jema. Chama kingejenga uzio pande zote mbili za kijito na kuweka tangi la maji kwa ng'ombe, kisha kila mwaka kingemlipa Dombrowski kwa kipande cha malisho anachokosa. Ila kwanza wangejaribu kiangazi kimoja. Kwato hata moja isiguse maji. Mwishoni mwa Agosti wangekuja kupima na kuhesabu. Wakiridhika, wangetia sahihi ya miaka kumi, na kwa malipo hayo Dombrowski angeweza kumwachia Ruberwa kazi yote na kubaki na ng'ombe wake. Wasiporidhika, wangeng'oa uzio wao waende zao, naye angempigia simu mnunuzi.

"Bon, umesikia?" Bisimwa akamwambia Ruberwa njiani kurudi. "Samaki wakipona, ng'ombe wanabaki. Samaki wakikufa, unarudi ku maboksi, tunafunga pamoja."

Ukitaka cha mvunguni sharti uiname. Ruberwa akainama mpaka chini. Chama kilimpa kipimajoto chenye mstari mwekundu kwenye sitini na nane, na daftari, wakamwomba aandike mara moja kwa wiki. Yeye aliandika mara mbili kwa siku, asubuhi na alasiri, tarehe na digrii na hali ya maji, kwa mwandiko wa mtu aliyesomeshwa na wamisionari. Aliukagua uzio nguzo kwa nguzo. Alilala kifudifudi ukingoni kuwatazama wale samaki, urefu wa kiganja, matumbo ya rangi ya chungwa, mapezi yenye pindo nyeupe, na mwili ukamsisimka kwa kinyaa. Lakini alikuwa akiwaambia, "Haya, muishi. Tafadhali muishi."

Kiangazi cha huko huwa na mvua, lakini mwaka huo ikagoma. Mwezi wa saba nyasi zilikuwa za kahawia, kisima cha Dombrowski kikashuka, na kipimajoto kikapanda kijitoni: sitini na nne, sitini na tano, sitini na sita na nusu. Ruberwa akapagawa. Akachota barafu kwenye friji ya Dombrowski, ndoo nne, akaimwaga majini. Akachukua mashuka mawili ya Nyirakamana, yale ya harusi, akayatandaza juu ya kidimbwi kwa vijiti ili samaki wapate kivuli. Mkewe alipouliza mashuka yako wapi na kujibiwa, alikaa kitako.

"Nimekaa na wewe miaka thelathini na moja," akasema. "Nilipougua malaria hukunitandikia hivyo."

Kanisani, palipoulizwa nani ana ombi, Ruberwa akasimama akaomba kanisa limkumbuke kwa maombi ili samaki wasife. Waumini wakatazamana. Mchungaji akauliza ni samaki wa nani. Ruberwa akajibu kwamba si wa mtu yeyote, na hakuna anayewala. Waliombewa hivyohivyo, lakini kicheko cha wanakwaya kilisikika mpaka nje.

Na Bisimwa naye hakumsaidia mwenzake kitu. Kila alipokuja kutafsiri alisimama kwenye uzio akimeza mate.

"Mumoja tu, muzee. Namukaanga na nyanya na kitunguu, hakuna mutu atajua."

"Ukimugusa, nakuvunja mukono."

"Wewe ambaye haukulake samaki!"

"Njo maana walinipa mimi kulinda."

Kilichomuumiza Bisimwa zaidi ni wanachama wenyewe. Aliwaona siku moja, upande wa chini, kwenye mto mkubwa kinakoishia kijito, wakivua kwa ndoana yenye manyoya. "Wanamukamata," akasema, "wanamupima, wanamupiga foto, wanamuomba pole, halafu wanamurudisha mu maji! Mbele yangu! Mimi mutu wa Kalehe!" Ruberwa kwa mara ya kwanza alicheka mpaka machozi. Alisema pengine hawa wazungu wana akili, nao wameona samaki si chakula.

Tatizo ni kwamba ng'ombe hawezi kufugwa kimyakimya. Ruberwa alikuwa akituma picha. Zilienda kwa kaka yake mkubwa Rudasingwa, aliyepelekwa mji wa Louisville, humohumo Marekani, zikaenda kwa binamu zao wa Columbus, na huko zikazunguka simu hadi simu. Rudasingwa ndiye aliyebaki badala ya baba yao. Mwanzoni alimkatisha tamaa: "Kuchunga ng'ombe wa mtu mwingine, katika umri wako? Afadhali maboksi, maboksi hayakukumbushi kitu." Neno hilo lilimchoma Ruberwa, akaacha kupiga simu mwezi mzima. Lakini picha ziliendelea kwenda. Na mwezi wa nane Rudasingwa akapiga mwenyewe, sauti imebadilika.

"Huyo mwenye mabaka, anaitwaje?"

"Bugondo."

"Tunakuja kuwaona."

Wangekuja watu kumi na wanne kwa magari mawili ya kukodi, kutoka Louisville, wakipitia Columbus kuchukua wengine. Baadhi yao hawakunusa ng'ombe tangu wakimbie kwao. Na siku waliyochagua ilikuwa Jumamosi ya mwisho ya Agosti, siku ileile ya Maureen na kuhesabu kwake. Ungefanyaje wewe? Kaka yako mkubwa anasafiri majimbo matatu kuja kuona ng'ombe, umwambie abadilishe tarehe kwa sababu ya samaki? Ruberwa alishindwa kabisa kulitamka. Akawaambia tu waje saa nane mchana. Maureen angekuja saa nne asubuhi, angekuwa ameshaondoka. Akaona ameipanga siku vizuri.

Wakafika saa moja asubuhi. Walikuwa wameendesha usiku kucha, maana hakuna aliyeweza kulala. Dombrowski alikuwa amekwenda mjini kununua maandazi ya wageni wa samaki, na Ruberwa alikuwa peke yake zizini aliposikia magari. Wakashuka. Wanawake walikuwa tayari wamejifunga mishanana yao, vitambaa vya sherehe vinavyofungwa begani. Wazee walishika fimbo ndefu mabegani, nyingine zilikuwa mipini ya fagio, Louisville hakuna mahali pa kukata fimbo. Rudasingwa akamkumbatia, akamweka mbali kidogo, akamtazama.

"Ndugu yangu, tuoneshe."

Na Ruberwa akageuka kuwatazama ng'ombe wake, moyo ukamdondoka. Walikuwa wamelala uani kwenye vumbi na samadi. Mapaja yalikuwa yameganda mavi, mikia imekuwa vifundo. Bugondo, ambaye picha yake ilikuwa imewakosesha watu usingizi Columbus, alionekana kama aliyechimbuliwa. Ng'ombe hawaoneshwi wageni hivyo! Kwao mtu angehama kijiji kwa aibu. Na bomba la uani lilikuwa limefungwa kwa amri ya Dombrowski, kwa kuwa kisima kilibakiza maji ya kunywesha tu.

Maji mengine yalikuwa hatua ishirini kutoka pale, baridi na safi, digrii sitini na mbili. Alikuwa ameyapima nusu saa iliyopita.

Ruberwa akatazama saa. Akamtazama kaka yake, aliyesimama na fimbo, mzee wa miaka sabini aliyefanya kazi ya kufagia hospitali usiku, akisubiri kwa adabu kubwa. Wanane tu, akajiambia, wale wazuri. Nusu saa, halafu matope yatatulia. Akafungua lango la uzio.

Enhe, wanane! Wewe umewahi kumwona ng'ombe aliyefungiwa maji kiangazi kizima, akaona mwenzake anaingia? Waliingia wote thelathini na moja. Waliingia kwa mbio, wakasimama maji yakiwafika magotini, wakafumba macho. Na wazee nao hawakungoja kualikwa. Walivua viatu vya kanisani, wakakunja suruali, wakaingia na mafungu ya nyasi mkononi, wakaanza kusugua. Shangazi mmoja wa Columbus alitoa garini chupa ya sabuni ya vyombo, na Ruberwa akampigia kelele, "Sabuni hapana! Kuna samaki!" Alijiona mlinzi mwema kabisa kwa kukataza sabuni.

Wanawake wakaimba ukingoni. Rudasingwa akamsimamia Bugondo, akamwekea mkono mgongoni, na kwa sauti ambayo Ruberwa hakuisikia tangu baba yao afe, akaanza kumsifu ng'ombe yule, ukoo wake asioujua na pembe zake alizonyimwa. Pembe zote alizipa nafasi yake, akaziimba kana kwamba zipo. Wazee wawili walilia waziwazi. Kisha Rudasingwa akamgeukia mdogo wake, maji yanamchuruzika kwenye ndevu.

"Nilikosea," akasema. "Wewe una ng'ombe."

Ruberwa akashika fungu la nyasi akaendelea kusugua kwa furaha. Hakutazama saa tena. Alipoinua kichwa, Maureen alikuwa amesimama langoni na mabuti yake ya kifuani, pamoja na wafadhili watatu wenye kofia, vijana wawili wenye vifaa vya kuhesabia, na Bisimwa aliyeletwa kutafsiri. Nyuma yao Dombrowski alikuwa amekumbatia boksi la maandazi. Kijito kilipita mbele yao kikiwa rangi ya chai ya maziwa.

Ng'ombe wakatolewa. Wageni wa Louisville na Columbus wakasimama pembeni miguu peku, wakiwa wameelewa tu kwamba kuna msiba na wao ndio walioleta. Bisimwa akamsogelea Ruberwa, akamnong'oneza haraka haraka.

"Sikiliza. Tutasema lango ilifunguka yenyewe. Ng'ombe ni ng'ombe. Nitaipanga vizuri, usiseme kitu."

Maureen hakukasirika, na hilo ndilo lililokuwa baya. Alikwenda kwanza na vijana wake juu, kwenye chemchemi, mahali ambapo ng'ombe hawakufika. Walikuwa na mashine ya kubeba mgongoni, inayotia umeme kidogo majini mpaka samaki wazimie waokotwe kwa wavu. Rudasingwa aliuliza kama hao ndio wanaowapenda samaki. Wakahesabu, wakarudia. Mwaka uliotangulia walihesabu kumi na tisa pale. Safari hii walikuwa sitini na wanne, wote wamekimbilia baridi ya chemchemi, wazima, wanang'aa. Maureen akashuka na daftari la Ruberwa mkononi, kurasa zote zimejaa, hakuna asubuhi iliyorukwa. Mfadhili mmoja aliipiga picha kila karatasi. Walisema hawajawahi kuona kijito kimelindwa namna ile.

Ruberwa akaona mlango wa neema unafunguka. Ndipo Maureen akauliza lile lango lilifunguliwaje.

Bisimwa akafungua mdomo kuupanga uongo wake. Ruberwa akamshika mkono. Kaka yake alikuwa anatazama, na wazee wote. Aseme ng'ombe wake ni wezi wa maji, walifungua lango wenyewe? Mbele ya Bugondo aliyetoka kusifiwa?

"Muambie nimefungua mimi. Wageni walikuja. Ng'ombe hawaonyeshwake na uchafu."

Bisimwa akatafsiri, jasho linamtoka. Maureen akatikisa kichwa taratibu, akauliza tena, kwa upole uleule. Na wageni wakija tena?

Hapo angeweza kusema hapana. Neno moja. Dombrowski alikuwa akimwomba kwa macho alitamke. Lakini tangu azaliwe Ruberwa hakuwahi kumdanganya mtu aliyemwuliza kwa heshima.

"Wakikuja wageni," akasema, "nitafungua."

Barua ilikuja Oktoba, na ilikuwa imejaa sifa. Kwa sababu ya ulinzi wa ajabu wa Bwana Ruberwa, ilisema, kijito hiki sasa ni hazina isiyoweza kuachiwa uzio peke yake. Wafadhili walikuwa wameguswa. Chama kisingekodi ukingo tena. Kingenunua malisho yote, juu mpaka chini, na ng'ombe wasingekuwapo humo milele. Kama wale samaki wangekuwa kumi na tisa tena, nani angejisumbua kununua kilima? Dombrowski alimkumbatia Ruberwa kwa nguvu zote. Alimwambia amemfungulia njia ya kwenda kwa wanawe, na machozi yake yalikuwa ya kweli.

Lori la mnunuzi lilikuja Jumanne ya mvua, mvua iliyokataa kunyesha kiangazi kizima. Dereva alisoma namba kwenye karatasi, na ng'ombe walipanda mmoja mmoja. Isipokuwa 214. Bugondo alitia miguu ardhini akagoma. Walimsukuma, wakampiga makofi matakoni, dereva akamfokea, wapi. Mwishowe wakamwita Ruberwa, kwa kuwa alikuwa anasikilizwa. Alipanda yeye kwanza ndani ya lori, akageuka, akamwita kwa jina lake. Bugondo akapanda.

Ruberwa hakuwaambia kitu watu wa Louisville. Rudasingwa alipopiga simu akiuliza hali ya ng'ombe, alimjibu kwamba hawajambo, na alipokata simu Nyirakamana alitoka jikoni akamshika bega.

Kazi hakukosa. Chama kilitafuta mlinzi wa kijito wa kudumu, na ombi lililokuja lilikuwa moja tu. Bisimwa aliandika kurasa tatu kwamba anawajua samaki tangu utotoni, wanavyofikiri, wanakojificha, wanavyovuliwa na wanavyonoga. Hawakumjibu. Ruberwa hakuandika kitu, na wakamletea kazi nyumbani Riverside, pamoja na kofia iliyofumwa trauti mwenye pezi lenye pindo nyeupe. Bisimwa alinuna wiki nzima.

Mwezi wa tano uliofuata wakafanya sherehe ya kufungua hifadhi. Miti ya kivuli ilikuwa imepandwa mistari mistari pale ng'ombe walipokuwa wakilala. Walikuja watu themanini, na wanafunzi, na mtu wa gazeti. Maureen akasema kwamba mbele yao yuko mtu aliyevuka bahari, na bado moyo wake ukabaki kwa viumbe wadogo wa maji. Mtu aliyewapa samaki hawa mashuka ya kitanda chake. Watu waliguswa, wengine wakafuta macho. Akamwomba aseme neno moja, na Bisimwa akasogea pembeni yake kutafsiri.

Ruberwa alitazama kile kilima. Kilikuwa kizuri, kijani, kitupu. Maji yalikuwa yanapita baridi na meupe, na hakuna aliyekuwa anayanywa.

"Waambie," akasema, "hawa samaki wao, wadogo vile, wamekula ng'ombe makumi tatu na moja. Na bado hawajashiba, maana kila siku wananiangalia."

Bisimwa alimtazama rafiki yake. Akameza mate, akageukia watu, akawaambia kwa Kiingereza kilichonyooka kwamba mzee ana furaha isiyo na kifani na anawashukuru wote kwa kumpa nyumba. Makofi yakalipuka. Ruberwa, ambaye Kiingereza cha kiasi hicho alikuwa anakielewa siku hizi, alingoja yaishe, akavua kofia, akawainamia kwa adabu.